Chukua Hela Zako Kaka, Ila Mkanda Uache Mezani

Wadau, tuanze na asubuhi ile ya Jumapili, Septemba 14, 2025. Wengine mlikuwa mnajiandaa kwenda kanisani, wengine ndo kwanza mlikuwa mnarudi nyumbani kutoka mlikokuwa (hatutaulizana). Sisi tulikuwa kijiweni, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, bando la kuchangishana, tunamwangalia Terence Crawford akimpa darasa Canelo Alvarez kule Las Vegas. Huko kwao bado ilikuwa Jumamosi usiku. Huku kwetu chapati zilikuwa zinatoka jikoni.

Raundi 12 zikaisha, majaji wote watatu wakampa Crawford. Kijiwe kikalipuka. Halafu, kama kawaida ya vijiwe vya Bongo, dakika tano baadaye ushindi ukageuka kesi. Jamaa mmoja mwuza simu, ambaye ngumi anazijua kuliko anavyojua bei ya chaji anazouza, akasema: "Huyu naye si mfanyabiashara tu. Uzito wa super welter kapigana mara moja, akakimbilia kwa Canelo kwa sababu ndiko kwenye mpunga. Bingwa gani hakai kwenye uzito wake?"

Watu wakagawanyika. Nusu wakasema mwache mtu ale hela zake. Nusu wakasema ngumi zimekufa, siku hizi hakuna bingwa, kuna wasaka noti. Mimi siku ile nilikaa kimya, si kawaida yangu, kwa sababu kichwani nilikuwa na dogo mmoja wa huku huku kitaa ambaye wiki hiyo alikuwa na kesi ya aina hiyo hiyo, ya kwake ndogo, bila kamera wala Las Vegas. Nitafika kwake.

Kwanza msimamo wangu, ili anayetaka kunitukana aanze mapema: bondia anayeacha kutawala uzito wake ili akapige pambano lenye mkwanja mnene, mimi simlaumu. Hata kidogo. Ninayemlaumu ni yule anayefuata hela huku kaukumbatia mkanda, kauweka kwapani, na nyuma yake kuna mtu amepanga foleni mwaka mzima, miaka miwili, anaambiwa subiri.

Wengi tunabishana kuhusu ngumi kana kwamba ni ligi. Si ligi. Simba na Yanga zitakutana tu, ratiba inatoka, utake usitake. Kwenye ngumi hakuna ratiba. Hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Bondia analipwa akipanda ulingoni, asipopanda hali. Kuna uzito 17, na kila uzito una mikanda minne mikubwa: WBA, WBC, IBF na WBO. Piga hesabu. Mabingwa wa dunia wanaweza kujaa daladala na wengine wakaning'inia mlangoni. Sasa ukiwa bingwa mmoja kati ya hao wote, nani atakujua? Nani atalipa aone sura yako? Unaweza kuutetea mkanda mara nane dhidi ya watu ambao hata mama zao hawakuangalia pambano, na bado ukabaki unapanga chumba.

Kwa hiyo bondia anatafuta jina. Jina ndo linalouza. Jina linaweza kuwa uzito wa juu yako au wa chini yako, au lisiwe bondia kabisa.

Wazee wetu wanapenda kusema zamani haikuwa hivi. Wanamtaja Marvin Hagler, na mimi namheshimu Hagler sana, alikaa uzito wa middle kuanzia 1980 mpaka 1987, akautetea ubingwa mara 12, kila aliyekuja alikutana naye hapo hapo. Watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kumkumbuka. Machi 1986 Mganda John Mugabi, yule waliyemwita The Beast, alipanda kumfuata Las Vegas akiwa hajawahi kupoteza pambano, na wote aliowapiga hakuna aliyesikia kengele ya mwisho. Walidundana kweli kweli. Mugabi akaangushwa raundi ya 11. Lakini sikilizeni: Mugabi mwenyewe ni mtu aliyejijenga uzito wa chini ya ule. Mwaka 1989 ndo akaja kuchukua mkanda wa WBC wa super welter. Yaani Mugabi alipanda uzito kufuata pambano kubwa na hela kubwa. Sijamsikia mzee yeyote akimwita msaka noti. Tunamwita shujaa, na ni shujaa.

Na aliyemtoa Hagler kwenye kiti chake ni nani? Sugar Ray Leonard, Aprili 1987, mtu aliyejulikana zaidi uzito wa welter, aliyekuwa nje ya ulingo kwa muda mrefu, akaja moja kwa moja kwenye pambano lenye hela nyingi kuliko yote ya wakati ule. Zamani ilikuwa hivi hivi. Tofauti ni kwamba zamani hatukuwa na intaneti ya kubishania.

Mfano wa upande wa pili ni Bernard Hopkins. Alichukua mkanda wa IBF wa middle mwaka 1995, akakaa nao mpaka 2005, akautetea mara 20. Ishirini! Miaka mingi ya mwanzo, ukiacha wapenzi wa ngumi wenyewe, watu hawakuwa na habari naye. Alikuja kuwa supastaa lini? Felix Trinidad alipopanda uzito kumfuata mwaka 2001, akapigwa. Na Oscar De La Hoya alipopanda mwaka 2004, akapigwa pia, tena kwa ngumi ya ini. Yaani hata mfalme wa kukaa kwenye uzito mmoja, aliyemfanya awe tajiri ni mtu aliyehama uzito wake kumfuata. Mtu wa kijiweni akikwambia "Hopkins hakuwahi kukimbilia hela", mjibu hela ndo zilimfuata, na zilichelewa sana njiani.

Sasa Crawford mwenyewe. Rafiki yangu mwuza simu, soma hapa vizuri. Crawford alishinda mikanda yote minne uzito wa super light mwaka 2017, akimpiga Mnamibia Julius Indongo raundi ya tatu. Akapanda welter, akachukua mkanda wa WBO mwaka 2018, akakaa hapo miaka mitano. Anautetea, anawapiga, anawazimisha. Sisi mashabiki tulimwambia nini miaka yote hiyo? "Kampiga nani?" Ndo wimbo wetu. Majina makubwa ya uzito ule yalikuwa kwa mapromota wengine, kina Errol Spence, na biashara haikukubali wakutane. Jamaa alikuwa anatawala, na kwa sababu alikuwa anatawala bila jina kubwa mbele yake, tukamwona wa kawaida. Mpaka Julai 2023 alipompata Spence na kumfanyia kitu kibaya, raundi tisa tu. Ghafla kila mtu akawa shabiki wake wa tangu utotoni.

Mtu kama huyo, ana umri wa miaka 37, unamwambia akae super welter atetee mkanda dhidi ya vijana ambao hawamwongezei chochote? Alipanda uzito mbili kwa mpigo, kutoka kilo 69.8 mpaka 76.2, kwenda kwa mtu mwenye mikanda yote, akamtoa. Akawa mwanaume wa kwanza wa zama hizi za mikanda minne kuikusanya yote kwenye uzito tatu tofauti. Desemba mwaka huo huo akatangaza anastaafu, mapambano 42, hajapoteza. Kama hiyo ni tamaa ya hela, basi tamaa yake ina ujasiri ndani yake.

Sijasema Crawford ni malaika. Baada ya kumpiga Spence, IBF walimvua mkanda wao mwaka huo huo wa 2023, kwa sababu mpinzani wa lazima, Jaron Ennis, alikuwa anasubiri zamu yake na Crawford alikuwa na mipango mingine. Ennis akapewa ubingwa akiwa amekaa. Na hapo ndo tunaingia kwenye kiini cha hii makala.

Mpinzani wa lazima ni nani? Ni yule aliyepigana na wenzake, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, mpaka chama cha ngumi kikasema: bingwa, wa kwako anayefuata ni huyu. Hana jina kubwa. Mara nyingi hana promota mwenye nguvu. Mtaji wake ni ile nafasi tu. Ile karatasi inayosema wewe ndo unayefuata. Ndani ya hiyo karatasi kuna ada ya shule ya mtoto, kuna nyumba, kuna umri unaokwenda. Mabondia hawazeeki kama sisi. Mwaka mmoja wa bondia wa miaka 31 ni kama miaka minne ya karani.

Sasa chukua stori ya Kell Brook, Mwingereza, ambayo mimi naiona ndo funzo lote la mada hii limejaa humo. Mwaka 2016 Brook alikuwa bingwa wa IBF wa welter. Hajapoteza pambano. Spence, wakati ule bado kijana, alikuwa ndo mpinzani wake wa lazima. Brook akaletewa ofa ya kupanda uzito mbili kupigana na Gennady Golovkin, Septemba 10, London. Golovkin! Mtu ambaye mabondia wa uzito wake mwenyewe walikuwa wanamkwepa. Hela ilikuwa kubwa, Brook akasaini, na mkanda wa welter akabaki nao kibindoni.

Alipigana kiume, tusimnyime hilo. Raundi ya pili alimgonga Golovkin mpaka ukumbi ukasimama. Lakini ngumi za mtu wa kilo 72 si ngumi za mtu wa kilo 66, hata mkila chakula kile kile. Mfupa unaozunguka jicho la kulia ukavunjika. Raundi ya tano kona yake ikatupa taulo. Akafanyiwa upasuaji, akarudi welter kumkabili Spence, Mei 2017, nyumbani kwake Sheffield. Akavunjwa mfupa wa jicho la kushoto. Mkanda ukaondoka.

Macho mawili, miezi nane. Mimi nilipoangalia lile la pili nilijikuta nimeshika jicho langu.

Mwaka huo huo wa 2016, miezi minne kabla, Amir Khan naye alikuwa ametoka welter kumfuata Canelo, akazimishwa raundi ya sita kwa ngumi moja ya kulia, yaani ile ngumi ukiiona tena leo bado unasema "uwii". Siku chache baadaye Canelo akautema mkanda wa WBC wa middle badala ya kukutana na Golovkin wakati ule. Watu walimcheka sana, wakamwita mwoga, na memu zilitengenezwa nyingi. Mimi nilicheka pia. Leo, nikiwa nimekua kidogo, nasema: angalau aliuachia. Golovkin akapewa mkanda, maisha yakaendelea, na waliokuwa nyuma wakasogea hatua moja mbele.

Kwa sababu Canelo wa miaka ya baadaye ndo alinikera zaidi. Novemba 2021 alimpiga Caleb Plant akakamilisha mikanda yote minne ya super middle. Safi. Historia. Mei 2022 akapanda light heavy kwa Dmitry Bivol, akapigwa kwa pointi, hakuna ubaya, alijaribu. Lakini mikanda ya super middle ilibaki kwake muda wote huo, na pale super middle kulikuwa na kijana anaitwa David Benavidez, hajawahi kupoteza, anapiga watu kama anadai deni, anaomba pambano kila kona. Watu wanaimba jina lake. Hakupewa. Canelo alimpa Jermell Charlo, aliyetoka uzito mbili chini. Akampa Jaime Munguia, akampa Edgar Berlanga. Benavidez alipochoka kusubiri, 2024 akahama, akaenda light heavy kutafuta maisha.

Hapo mniambie, nani alikimbia uzito wake? Kijana alihama kwa sababu mlango wa nyumba yake ulifungwa kwa ndani.

Julai 2024 IBF wakasema basi. Canelo alikuwa ametakiwa kupigana na Mcuba William Scull, mpinzani wa lazima, yeye akachagua Berlanga kwenye ile tarehe yake nono ya Septemba ambayo Wameksiko wanasherehekea uhuru. Wakamvua. Scull akaja kuuchukua ule mkanda Oktoba kwa kumpiga mtu mwingine. Na hapa lazima niwe mkweli hata kama unaniharibia hoja: Canelo alipokutana na Scull hatimaye, Mei 2025 kule Riyadh, lilikuwa pambano baya kuliko usingizi. Wahesabu ngumi walipata ngumi 445 tu kwa wote wawili, raundi 12, rekodi ya uchache. Scull alizunguka ulingo kama anatafuta choo. Watu waliolipa hela zao walitaka warudishiwe.

Kwa hiyo ndiyo, wakati mwingine mpinzani wa lazima hana cha kuonyesha. Najua. Promota akikwambia "huyu hauzi", wakati mwingine hakudanganyi. Lakini haki ya foleni haiangalii sura. Ukienda benki, yule mzee mwenye makaratasi mengi akiwa mbele yako, unasubiri. Humwambii toka, wewe unachosha.

Na msisahau wenye mikanda yao. Vyama vya ngumi vinakula asilimia kutoka kwenye malipo ya bondia kila mkanda unapopiganiwa. Supastaa akipigana na supastaa mwenzake, asilimia inakuwa nono. Bingwa akipigana na mpinzani wa lazima asiyejulikana, asilimia inakuwa ya soda. Halafu tunashangaa kwa nini mastaa wanapewa muda, wanaongezewa muda, wanaruhusiwa pambano moja la katikati, na lingine. Sisemi kuna rushwa. Nasema mwamuzi anakula sahani moja na mchezaji.

Ndo maana namkubali Oleksandr Usyk. Mei 2024 alimpiga Tyson Fury, akawa bingwa asiyepingika wa uzito wa juu, wa kwanza tangu Lennox Lewis. Alikuwa na pambano la marudiano na Fury, lenye hela ya kununua mtaa. IBF wakamtaka Daniel Dubois. Usyk akasema hela nazitaka, marudiano nayataka, mkanda chukueni. Mwezi mmoja tu baada ya kukusanya mikanda yote! Dubois akawa bingwa, Septemba akamwangusha Anthony Joshua pale Wembley, akatengeneza jina na hela zake. Julai 2025 Usyk akarudi, akamzimisha Dubois raundi ya tano, akakusanya mikanda yote tena. Na ilipofika Novemba akaulizwa kuhusu Fabio Wardley, akauachia mkanda wa WBO, Wardley akapewa. Mnaona ilivyo rahisi? Kila mtu kala.

Kuna mashabiki walimsema kwa hilo pia. Eti bingwa wa kweli hauachii mkanda, unyang'anywe ulingoni. Maneno matamu. Ila huyo huyo shabiki, Usyk akikaa na mkanda bila kupigana na Wardley, angesema kamwogopa. Sisi hatueleweki, tukubaliane.

Na sisi ndo tunaopanga bei, kwa taarifa yenu. Mayweather na Pacquiao walianza kutajwa pamoja 2009, wakakutana Mei 2015, umri umeshapita, pambano likawa la kawaida, na bado watu milioni 4.6 Marekani walinunua, dola mia kasoro kwa picha safi. Miaka miwili baadaye Mayweather akapigana na Conor McGregor, mtu ambaye hakuwa na pambano hata moja la ngumi za kulipwa, na watu zaidi ya milioni nne wakanunua tena. Novemba 2024 Netflix walisema watu milioni 108 duniani waliangalia Jake Paul akicheza na Mike Tyson mwenye miaka 58. Hapo hapo kabla yao walipigana Katie Taylor na Amanda Serrano, kwa mikanda yote ya super light, damu inatiririka, moja ya mapambano makali ya mwaka. Jumatatu mlikuwa mnaposti nini? Tyson. Hata mimi niliposti Tyson.

Halafu tunataka bondia akae kwenye uzito wake kwa heshima ya mchezo.

Sasa dogo wangu. Jina kapuni, maana yuko hapa hapa na mama yake anasoma kila kitu. Anapigana super feather, kilo 59. Ana mkanda wa hapa nyumbani, aliuchukua kwa jasho, nilikuwepo ukumbini, joto lile sitalisahau. Malipo ya kuutetea ni pesa ambayo ukiisema hadharani utaonekana unatania. Ukitoa ya kocha, ya meneja, ya chakula cha kambi, anabaki na nauli na kitu kidogo cha kumpa mama. Wiki ile ya Crawford alipigiwa simu: pambano Ulaya, uzito kilo 63.5, siku kumi za maandalizi, malipo mara sita ya anayopata hapa.

Kilo 63.5 ni uzito mbili juu yake. Ile ile hesabu ya Crawford, ile ile ya Kell Brook.

Akaja kwangu jioni, tukakaa kwenye benchi nje ya duka. "Kaka, wewe unaandika andika mambo ya ngumi, niambie. Niende nisiende?"

Nikamuuliza anajua mpinzani ni nani. Anajua. Mtu wa kwao, hajapoteza, anajengewa rekodi. Maana yake dogo anaitwa kwenda kupoteza. Hiyo hawakuiandika kwenye mkataba, lakini kila mtu kwenye biashara hii anaisoma. Mabondia wetu wengi wanaotoka nje wanaitwa kwa kazi hiyo: njoo, simama raundi kadhaa, anguka, chukua bahasha.

"Mwakinyo naye si aliitwa hivyo hivyo?" akasema.

Hapo alinimaliza. Kweli. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipelekwa Birmingham kama mtu wa kujazia ratiba, mbele ya Sam Eggington, hakuna aliyemtarajia. Raundi ya pili ikawa mwisho wa Eggington. Nchi nzima ikamjua kwa usiku mmoja. Angekaa nyumbani anatawala uzito wake miaka kumi asingepata jina lile. Kwa hiyo ningemwambia nini dogo? Kwamba Mwakinyo ni mmoja? Analijua hilo. Kila anayepanda ndege ile anajua kwamba Mwakinyo ni mmoja, na kila mmoja anafikiri wa pili ni yeye.

Nilimwambia kitu kimoja tu. Kuna bondia wa Morogoro ambaye amekuwa anausubiri ule mkanda wake kwa mwaka na miezi. Tarehe zimepangwa mara mbili, zimeahirishwa mara mbili. Nikamwambia: nenda, lakini uachie mkanda, yule mwenzako apiganie. Ukirudi salama utamfuata.

Akanitazama kama nimemwambia auze figo. "Kaka, ule mkanda ndo uliofanya wanipigie simu. Kwenye bango wataandika bingwa. Nikiuacha mimi ni nani?"

Na hapo nikaelewa kwa nini Brook aliuweka kibindoni. Rahisi sana kuandika "uache mezani" ukiwa umekaa kwenye kiti na chai. Kwa Usyk, ambaye jina lake tayari ni kubwa kuliko mkanda, kuachia ni kama kuvua koti. Kwa dogo ni kuvua ngozi. Bado naamini nilimwambia sahihi, ila sikumbishia tena.

Alienda. Alisimamishwa raundi ya nne, mwili haukubeba zile ngumi za watu wakubwa, alisema kila alipozuia mikono ilikuwa inakufa ganzi. Alirudi na nyuzi sita juu ya nyusi na ile hela ilikuwa kamili, hawakumkata. Ameezeka vyumba viwili vya mama yake kwa bati. Daktari kamwambia akae miezi mitatu bila kupigwa kichwani, anafanya mazoezi ya kukimbia tu.

Juzi nilimuuliza mkanda uko wapi. Akacheka. "Uko kwa mama, kauweka juu ya kabati la vyombo, kaufunika na kitambaa usipate vumbi."

Yule wa Morogoro siku hizi anaendesha bodaboda. Nilimtafuta kwa simu nikamuuliza kama bado anafanya mazoezi, akasema anafanya usiku akishapaki pikipiki. Aliniuliza kama nimesikia tarehe yoyote. Nikamwambia sijasikia.